Kauli ya Nyumba Hainunuliwi

(Hotuba iliyotolewa Ngamiani, Tanga, katika mkutano wa kugawana hisa wa vikundi vya kuweka na kukopa. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini na waliokuwa wanauguza.)

Ndugu mwenyekiti, mtendaji wetu wa kata, mashehe na wachungaji mliopata nafasi ya kufika, kina mama wenye mkutano wenu, na kina baba mlioitikia mwaliko: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya kipato ndani ya ndoa. Katibu aliponiletea barua akaniambia, "Mama, watie moyo wanawake wachume." Nikamjibu kwamba wanawake wa Tanga hawangoji mtu wa kuwatia moyo. Pita Soko la Mgandini alfajiri. Teremka Deep Sea boti zinapoingia. Pita barabara zetu hizi za namba kabla jua halijachomoza, uone ni nani aliyeinama juu ya kikaango cha vitumbua. Wanachuma. Mama zao walichuma, na bibi zao pia.

Swali langu la leo ni jingine, na nitalirudia mpaka mlichoke. Pesa ikishavuka kizingiti, nani ana kauli ndani ya nyumba? Na kauli hiyo ameipata wapi?

Nauliza kwa sababu kuna imani imetuingia kwamba kauli ya nyumba inanunuliwa. Anayeleta hela aseme, asiyeleta anyamaze. Kina baba wengi wanaiamini imani hii tangu zamani. Na sasa, nasema kwa uchungu, sisi kina mama nasi tumeanza kuiamini. Mimi nimekuja kuipinga mbele yenu. Kauli ya nyumba hainunuliwi. Mwanamume hakuinunua kwa kodi ya meza, ile hela ya chakula anayoiacha asubuhi, na mwanamke hatainunua kwa hisa zake za kikundi.

Naomba tuanze mbali kidogo, kwenye mkonge, maana sisi watu wa Tanga hatuwezi kuzungumza habari ya mshahara bila kuugusa mkonge.

Vijana wengi mnadhani desturi ya baba kutoka kwenda kutafuta hela na mama kubaki nyumbani "bila kazi" ilikuwapo tangu enzi za Adamu. Haikuwapo. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika huku ilikuwa imebaki hai miche 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba tuliyozaliwa tukayakuta, kuanzia Pangani hadi Korogwe. Mashamba yalitaka watu. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ikaleta kodi ya nyumba, na mwenye nyumba akalazimika kuitafuta fedha ya kuilipia. Ikaanza safari ya manamba: wanaume wakaletwa kutoka mbali, wakapewa kipande, yaani kadi yenye siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, kipande kinatiwa alama. Usipomaliza, siku hiyo huna.

Sasa nisikilizeni hapa. Ule ujira ulipigiwa hesabu ya tumbo la mtu mmoja. Mke na watoto walilishwa na nani? Walilishwa na jembe la mwanamke. Alilima muhogo na mahindi, na kipande chake hakikutiwa alama, kwa sababu hakuwa nacho. Alitwanga, hakutiwa alama. Alisuka ukili, alichota maji, alizaa, alilea, aliuguza. Hakutiwa alama. Tajiri wa shamba aliweza kumlipa mwanamume kidogo kwa sababu kulikuwa na mwanamke asiyelipwa kabisa. Hapo ndipo tulipozoeshwa kuiita kazi yenye alama "kazi", na ile isiyo na alama tukaiita "kukaa nyumbani". Nani kati yetu hapa amewahi kumwona mama yake amekaa?

Tukapata uhuru. Mwaka 1964 nchi hii ilivuna mkonge karibu tani 230,000, na Tanga ikavimba kifua. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, uzalishaji ukazidi kushuka mwaka hadi mwaka, na baadaye viwanda vya mji huu vikafungwa kimoja baada ya kingine, kile cha mbolea kikiwamo. Mnakumbuka. Wengine wenu baba zenu walirudi nyumbani na bahasha ya mafao, na mafao yakaisha.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye usuluhishi wa ndoa, na katika hao waliorudi na bahasha nilimpata mzee mmoja ambaye sitamtaja. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kusindika mkonge, kwenye shamba. Alipopunguzwa kazini, mkewe akaanza kupika maandazi na uji wa kuuza. Biashara ikashika. Mwaka haukuisha, yule mzee akaanza kufoka. Mke akichelewa, umetoka wapi? Akiwahi, mbona leo umewahi? Siku moja akaipiga teke sufuria ya uji wa moto, mtoto akaungua mguu. Ndipo walipofika kwetu.

Nikamuuliza yule mzee: mkeo amekutukana? Akasema hapana. Amekunyima chakula? Hapana. Sasa nini, baba? Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Mama, mimi mle ndani sina changu tena. Hata chai nikinywa, nahisi nakunywa ya mtu."

Nikamgeukia mke, nikamuuliza kama amewahi kumwambia mumewe maneno ya namna hiyo. Akasema hajawahi hata siku moja. Lakini akasema pia kwamba miaka yote mumewe alipokuwa kazini, kila yeye alipotoa wazo lolote, liwe la shule ya mtoto au la kiwanja, mume alimjibu neno moja: "Kwani wewe unaleta nini humu ndani?"

Mnaona? Yule mke hakumnyang'anya mumewe kauli. Mume mwenyewe alikuwa ameshaitia bei. Kwa miaka yote ile alimfundisha mkewe kwamba asiyeleta asiseme, na siku aliyoishiwa akajihukumu kwa sheria aliyoitunga mwenyewe. Kina baba, nawasihi kwa mapenzi. Ukimwambia mkeo leo "unaleta nini", unajichimbia shimo la uzee wako. Kazi inakoma. Bandari inapunguza vibarua. Mgongo unachoka, sukari inapanda, macho yanaingia ukungu. Siku hiyo utataka usikilizwe kwa sababu wewe ni baba wa nyumba ile, na hutataka mtu akuulize umeleta nini.

Nikija kwenye kodi ya meza, hapa nina maneno mengi, kwa sababu nusu ya kesi zetu zinaanzia mezani.

Mwaka huu walikuja mume na mke, wote vijana. Mume anaendesha bajaji ya mtu, mke anauza samaki wa kukaanga jioni. Watu sita ndani ya nyumba. Mume anaacha 7,000 kila asubuhi. Malalamiko yake: mke hana shukrani. Malalamiko ya mke: mtaji wake unaliwa. Tukawapa kalamu na karatasi. Nikamwambia mke aandike chakula cha jana peke yake, sabuni na nauli ya watoto aziache. Akaandika: unga kilo moja na nusu, 2,400. Mchele kilo moja, 2,600. Nazi mbili, 2,000. Fungu la dagaa, 2,000. Mboga, nyanya na vitunguu, 1,500. Mafuta ya kupima, 700. Mkaa, 1,500. Sukari robo kilo, 800. Jumlisheni. Ni 13,500.

Kwenye 7,000 ya mume ilipungua 6,500. Ilitoka wapi? Ilitoka kwenye samaki. Kwa siku 30 ni 195,000. Mume kwa siku 30 anatoa 210,000. Wanalingana, isipokuwa kidogo tu! Lakini mtaa mzima, ndugu wa mume, ndugu wa mke, na mke mwenyewe, wote walikuwa wanasema mume ndiye anayelisha nyumba, na mke "anajisaidia na visamaki vyake". Yule kijana aliishika ile karatasi akaiangalia mbele na nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu. Tangu aoe, hakuwahi kununua nazi.

Na subirini, kina mama, msishangilie bado. Nikampa mume kalamu, naye aandike. Akaandika hesabu ya tajiri mwenye bajaji, ambayo lazima itoke hata siku ya mvua. Akaandika mafuta, pancha, faini. Tukaona siku nyingi ile 7,000 ilikuwa ndiyo yote aliyobaki nayo, yeye anashinda na kikombe cha kahawa na kashata. Mke alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kwamba mume ana hela mahali, pengine kwa mwanamke mwingine. Akalia pale. Miaka yote wanalala kitanda kimoja, na hakuna aliyejua mwenzake anakula nini mchana.

Sasa mke yule alifanya nini mtaji ulipomwishia? Mnajua jibu, nawaona mnavyotikisa vichwa. Alikwenda kausha damu, kwenye mikopo ile ya riba ya kuumiza. Alichukua 200,000 za kurudisha mtaji, marejesho kila wiki. Wiki mbaya moja, akakopa kwingine alipe kule. Mume aliupata ukweli siku wadai walipokuja kubeba televisheni na jiko la gesi. Mkopo ule aliuchukua mke peke yake, lakini njaa iliyoulazimisha ilikuwa ya nyumba nzima. Hivi deni la namna hiyo ni la nani, ndugu zangu?

Wataalamu wa uchumi wamelichunguza jambo hili katika nchi nyingine, nami nitawapa mifano miwili tu. Burkina Faso, mume na mke wa nyumba moja huwa na vishamba mbalimbali. Mtafiti mmoja aliandika mwaka 1996 kwamba samadi na nguvukazi vilikwenda zaidi kwenye shamba la mume, la mke likaachwa, na kwamba kama wangegawa vizuri kati ya mashamba yale yale, familia ingevuna karibu asilimia 6 zaidi bila kununua chochote. Hebu fikirini mtaji wa samaki uliogeuzwa ugali kila siku. Nyumba inajila yenyewe.

Mfano wa pili ni jirani zetu, Kibera, Nairobi. Mwaka 2002 watafiti wawili walichapisha matokeo yao juu ya wanawake wanaocheza upatu kule. Waliona walioolewa au wanaoishi na mwanamume ndio wanaoukimbilia zaidi, na maelezo yao ni kwamba mwanamke anaiweka pesa kwa kijumbe ili isibaki ndani, mume asije akaidai. Je, huku kwetu ni tofauti? Wangapi kati yenu mko hapa leo na nyumbani hawajui? Msinyooshe mikono.

Mimi sitamlaumu mwanamke anayemficha hela mume mlevi, au mume anayepiga. Huyo anajihami, na ana haki ya kujihami. Simwambii leo aende akatangaze salio lake la simu. Lakini wengi wenu waume zenu hawako hivyo. Mnaficha kwa sababu mlifundishwa kuficha. Tulifundishwa na makungwi, tukarudiwa kwenye sherehe za jikoni: hela ya mwanamke ni siri yake, mwanamume asijue una shilingi ngapi. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye mikeka hiyo. Na upande wa pili, mvulana anayeoa nani anamweka chini akamfundisha? Atafundishwa kupeleka mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Hakuna anayemfundisha bei ya nazi. Tunawaozesha watoto, mmoja amefundwa kuficha na mwingine hakufundwa kitu, kisha tunashangaa wanapofika barazani kwetu.

Sasa nakuja kwetu, kina mama. Nimesema imani hii imetuingia na sisi.

Mwanamke akianza kupata kuliko mumewe, mji unamwimbia. Mume akionekana amebeba mtoto, au ameanika nguo, watasema kawekwa kwenye chupa. Akimsikiliza mkewe, kalishwa limbwata. Akiwa kijana zaidi, ataitwa marioo. Maneno haya yanamchoma mwanamume, na mengi yanatoka vinywani mwetu, kina mama. Nani anamcheka mkwe wake akimkuta jikoni? Ni mama mkwe. Nani anayemwambia kaka yake "umekaliwa kichwani"? Ni wifi.

Kisha yapo masimango. Mke amenunua kiti, mume akikikalia anaambiwa "hicho umekikuta". Amelipa umeme, taa ikiwaka anakumbushwa. Mmoja alimwambia mumewe mbele ya watoto, "Ungekuwa mwanaume tungekula kwako." Kweli, wanangu? Lile neno "unaleta nini humu ndani" lililotutoa machozi sisi, leo tunalivaa na kulitembeza? Hatukupigania kubadilishana fimbo.

Waislamu wenzangu mnaijua habari ya Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud. Alikuwa na mali kuliko mumewe. Alipotaka kutoa sadaka, akaenda kuuliza kama anaweza kumpa mumewe na mayatima anaowalea. Mtume, rehema na amani zimshukie, akajibu kwamba ana malipo mawili: ya udugu na ya sadaka. Zingatieni. Kwamba pesa ni ya mke, hilo halikuwa na shaka. Mke alitoa kwa hiari yake, akaahidiwa malipo mara mbili. Na Qurani hiyo hiyo inayosema wanawake wana fungu katika walivyovichuma, inakataza pia kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Kwa hiyo, baba, ukiletewa, shukuru, usidai. Na mama, ukitoa, usisimange. Nanyi Wakristo mnaye yule mke wa Mithali 31 aliyelitazama shamba akalinunua, akapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Na mumewe anamwamini, maandiko yanasema hivyo.

Na kuhusu kazi za ndani, Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa anafanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Basi. Yeye hakuambiwa kawekwa kwenye chupa.

Mtendaji ameniomba nigusie sheria. Nitagusia yale yanayowauma watu, mengine waje ofisini.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula, kwa kadiri ya uwezo wake. Kuchuma kwa mke hakumfutii mume wajibu huo. Lakini sheria hiyo hiyo, na hili wengi hawalijui, inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au ya akili. Inasema pia hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Hakuna. Na nyumba ya familia hauzi mtu peke yake, haiweki rehani peke yake, bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja.

Ndoa ikivunjika, mahakama inatazama mchango wa kila mmoja katika kupata mali: kwa fedha, kwa mali, au kwa kazi. Zamani mahakama zilibishana, je, kupika na kulea ni mchango? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema ndiyo: kazi ya nyumbani ni mchango. Siku hiyo, kina mama, kile kipande kisichotiwa alama kilitiwa alama. (Makofi.)

Ngojeni, makofi mtanipigia baadaye. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika kesi ile. Mumewe alikuwa amempa fedha kwa ajili ya maendeleo ya familia, na mahakama ikaona alizifuja. Kwa hiyo uamuzi uliotuinua sisi sote ulimwacha yeye mikono mitupu. Nawaambia haya kwa sababu tunapenda kuitaja nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Kazi yako inahesabiwa, na matumizi yako yanahesabiwa.

Na tafadhali, tafadhali, mama unayenunua saruji na bati ukajenga kwenye kiwanja chenye jina la mume, au cha ukoo wa mume: weka risiti. Mali ikiwa na jina la mtu mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya mtu huyo mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Utathibitisha kwa nini, kwa machozi? Nimeona mwanamke aliyeezeka nyumba nzima akatoka na begi la nguo, kwa sababu hakuwa na karatasi hata moja. Na lolote mnalonunua pamoja, andikeni majina yote mawili. Hati yenye majina mawili haimpunguzii mtu heshima.

Neno la haraka juu ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Ni fedha nzuri. Lakini tumeona mkopo unachukuliwa kwa jina la mama, pikipiki inaandikwa jina la baba, na marejesho yanabaki kwa mama. Msikubali. Anayerejesha awe na jina lake kwenye kile kilichonunuliwa.

Sasa nataka niwaulize wanachama swali, na mjibu kwa sauti. Kwenye kikundi chenu, mtu anaruhusiwa kununua hisa ngapi kwa kikao? (Sauti: Moja hadi tano.) Moja hadi tano. Siku ya kugawana, wa tano anapata zaidi, wa moja anapata kidogo, na ni haki. Lakini siku ya kumchagua mwenyekiti, mwenye hisa tano ana kura ngapi? (Sauti: Moja!) Na mwenye hisa moja? (Sauti: Moja!) Na lile boksi lina kufuli ngapi? (Sauti: Tatu.) Funguo anazo mtu mmoja? (Sauti: Hapana!)

Nani aliwafundisha haya? Mliona wenyewe kwamba kikundi kitakufa siku mwenye hisa nyingi atakapoanza kumnyamazisha mwenye hisa chache. Mliona boksi linalofunguliwa na mmoja litaibiwa. Na mmekaa miaka, mnagawana, mnaaminiana, watu ambao hamkuzaliwa pamoja wala hamlali pamoja. Basi nyumbani imekuwaje? Nyumbani mnamopendana, kwa nini mwenye hisa tano awe na kura tano?

Kwa hiyo nimemwomba mwenyekiti jambo moja, naye amekubali. Gawio likishahesabiwa leo, kila mwanachama atapewa karatasi yenye hesabu yake yote: hisa alizonunua, faida, deni. Aliyekuja na mwenza wake, kaeni pale chini ya mwarobaini muisome pamoja kabla hamjaondoka. Baba naye aandike nyuma ya karatasi hiyo anachoingiza na anachodaiwa, asibakize. Msiamue kitu leo. Someni tu. Mtaamua mkishalala mkaamka.

Ambaye anajua karatasi hii ikionekana nyumbani itamletea kipigo, asiende nayo. Aniachie mimi. Niko ofisi ya kata kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, na tutazungumza mlango ukiwa umefungwa.

Mwenyekiti, kama muda upo, naomba tupokee maswali, na safari hii kina baba waulize kwanza, kwa sababu tangu nianze kuna wawili wamenyoosha mikono mara kadhaa wakaishusha.